Dumu la Ukweni

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya wakwe, na sijagusa hata tone!

Mnaonijua mnajua kwamba Adela, mke wangu, aliondoka. Mwezi wa tatu huu yuko kwao Makere, na sababu ni pombe (yangu, si yake). Baba mkwe alinipa siku moja tu ya kwenda kuomba radhi. Leo, kabla ya saa saba. Nikichelewa, nisihangaike tena.

Msichokijua ni kwamba nimejiunga na kikundi cha watu wanaoacha pombe. Nesi mmoja ndiye aliyenielekeza: kila Jumamosi saa nne, kwenye darasa la nyuma la shule moja hapa Kasulu. Siku ya kwanza nilipita kwenye migomba nisionekane. Nikaingia, nikakuta watu saba. Watano nilikuwa nakunywa nao! Fundi wangu wa baiskeli akanisogezea benchi: "Karibu bwana, tulikuwa tunajiuliza utakuja lini."

Kikundi kina sheria moja. Ukikosa kikao bila ruhusa, hesabu yako inarudi siku ya kwanza. Mimi leo ni siku ya arobaini na nne. Hesabu hiyo siiachii hata kwa dawa.

Sasa sikieni balaa. Sisi Waha huendi ukweni kuomba radhi mikono mitupu, unakwenda na pombe ya ndizi. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kosa langu ni pombe, na cha kulisafishia ni pombe. Asubuhi nikachukua dumu la lita ishirini, nikapanga nipitie kikaoni, halafu bodaboda moja kwa moja hadi Makere.

Ili harufu isitoke, nikaweka nailoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. (Miaka kumi na miwili ya kunywa pombe ya ndizi, na sikujua kwamba huwa haifungwi hivyo! Kwangu haikuwahi kubaki hadi ikahitaji kifuniko.) Nikalitumbukiza kwenye mfuko wa salfeti, nikaliweka kando ya benchi langu, penye jua la dirishani.

"Umebeba nini humo?" akauliza Mama Skola, mwenyekiti wetu. Huyu mama zamani alikuwa anapika pombe kuuza, akaishia kuwa mteja wake mwenyewe.

"Mawese, mama. Ya ukweni."

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakohoa kidogo. "Mimi ni Filbert. Leo siku ya arobaini na nne. Nashukuru, pombe sasa iko mbali nami kabisa..."

PAAA!

Jamani! Kifuniko kilipiga dari. Povu likapanda, likanilowesha kuanzia kola hadi soksi. Darasa zima likanuka kilabu siku ya gulio. Fundi baiskeli akatoka nje mbio, akakumbatia nguzo (baadaye alisema hakuwa anatukimbia sisi, alikuwa anajikimbia mwenyewe).

Mama Skola hakuinuka. "Filbert. Mawese ya wapi hayo yanayotoa povu?"

Nikasema yote. Adela, baba mkwe, saa saba. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema. Akaninusa mdomo, akatazama saa yake. "Hesabu yako haijaguswa. Lakini wakwe hawatakuamini. Twende wote tukakushuhudie."

Nilitaka nipite nyumbani nibadilishe shati. Saa ilikataa. Pikipiki tatu, watu wanane, na dumu lililobaki nusu.

Tukafika kwa wakwe saa saba kasoro kidogo. Wazee wamekaa uani wanasubiri. Baba mkwe akanusa, akasimama polepole.

"Mkwe, umekuja kuomba radhi au umekuja kutuonyesha kosa lenyewe?"

Mama Skola akapiga goti, akasalimia vizuri, kisha akasema: "Mzee, msiwe na wasiwasi naye. Tunamfahamu. Sisi wote hapa ni walevi."

(Mama, wewe!)

Mama mkwe akakirudisha ndani kiti alichokuwa ananiletea. Fundi akaona asaidie: "Ego, ndiyo mzee! Mimi nimekunywa naye miaka minane!"

Nikatamani ardhi ipasuke. Baba mkwe akaliinua dumu, akalitikisa. "Na hili ni nusu. Nusu nyingine kanywa nani?"



Hapo Adela akatoka ndani. Hakunisalimia. Akanishika kidevu. "Fungua." Nikafungua. Akanusa, akanusa tena, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokipoteza. Miaka yote ile, alikuwa akininusa hivyo mlangoni kila jioni, na kila jioni nilikuwa na uongo tayari.

"Mdomo ni mkavu, baba."

"Basi kanywa nani?"

"Shati."

Baba mkwe alicheka hadi akakaa chini. Wazee wakacheka. Kiti changu kikarudishwa.

Tumerudi wote nyumbani Kasulu, na Adela yuko jikoni saa hii ninapoandika. Shati liko nje kwenye kamba, amelikatalia kuingia. Anasema humu ndani mlevi halali tena.

Kwa hiyo msinicheke mimi. Mimi ni siku ya arobaini na nne. Shati ndiyo kwanza linaanza.