Mti wa Kemuma Mbele ya Kamati ya Majengo

Tegeni masikio, enyi wauza omena na wauza mitumba, enyi mafundi wa baiskeli mnaolijua kila shimo la barabara kuu ya Migori, na ninyi wa Homa Bay mnaodhani mambo makubwa hutokea ziwani tu. Mwenye redio aizime. Ninasimulia vita visivyomwaga damu bali jasho, na jasho lenyewe lilikuwa la mwanamke mmoja aliyeshika mti.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua kubwa za El Niño, mwaka ambao mji wetu ulishikwa na homa ya kupanda juu. Vibanda vya mabati vilivyokuwa vimeridhika na udogo wao vilianza kuota ngazi. Kila mwenye kiwanja katikati ya mji alipeleka pendekezo lake kwa kamati ya majengo: huyu ghorofa moja, yule ghorofa tatu na roshani. Gichana muuza misumari, ambaye ndani ya kiwanja chake ng'ombe asingeweza kugeuka, alileta mchoro wa ghorofa nne na bustani ya maua. Kamati ilipochoka kudanganywa na karatasi ikatoa amri yake kuu: kila mwenye pendekezo na asimamishe kiwanjani mti wenye kimo cha nyumba anayoitaka, mji uone kwa macho; na mwenye pingamizi na aje asimame penye shina la mti huo aseme, kwani neno litakalosemwa kwingine litahesabiwa kuwa porojo.

Ndipo alipoinuka Kemuma, mke wa Arasa mchimba dhahabu wa Osiri, Kemuma wa cherehani isiyosinzia, mvika watoto sare, nguzo ya kwaya ya Waadventista. Pendekezo lake lilikuwa ghorofa mbili: chini duka, na nyuma ya duka chumba chake cha kulala, juu yake mafundi wa kushona, juu kabisa wapangaji. Alikuwa amekwisha kupiga vijiti ardhini na kuzungusha kamba, hata mpita njia angeweza kuonyeshwa mlango uko wapi na dirisha liko wapi.

Lakini kikao cha Ijumaa iliyofuata, ambapo kamati ingepita kukagua miti, kilikuwa cha mwisho. Kiwanja ambacho pendekezo lake halingepita kingetwaliwa na kupewa mwingine, na huyo mwingine alijulikana. Alikuwa Mzee Mogaka, jirani wa ukutani, mwenye gesti ya ghorofa moja, na kwa miaka mingi ghorofa hiyo ilikuwa peke yake mtaani kama jogoo juu ya kichuguu. Mzee huyo alikwisha kusema hadharani kwamba pale kwa Kemuma pangefaa kuwa maegesho ya wageni wake.

Basi mti ukaletwa: mikaratusi miwili mirefu iliyounganishwa kwa misumari na kufungwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Mafundi wake wakachimba shimo, wakakutana na mwamba. Wakachimba pembeni, wakakutana na ndugu wa mwamba huo. Ikabidi mti ushikwe kwa mikono, na mafundi wakaushika tangu adhuhuri kwa zamu, wakiimba. Lakini mafundi wenyewe walikuwa wa kanisa lake, na jua lilipoinamia magharibi walikumbuka kwamba Sabato huingia jua likizama, na mtu hawezi kuipokea akiwa na udongo kwenye nywele. Mmoja akaenda kuoga, mwingine kupiga viatu rangi, na wa mwisho akaomba radhi kwa upole sana, akaenda.

Na kamati ilikuwa wapi? Kamati ilikuwa barabara ya Awendo, imekwama nyuma ya trekta lililomwaga miwa yote barabarani.

Kemuma akaukumbatia mti. Akavua viatu, akapanda nyayo zake katika kifusi, na shavu lake akaliweka juu ya gome. Upepo ukaja kutoka upande wa ziwa, ukaitikisa ncha. Kemuma akayumba nayo kulia, akayumba nayo kushoto, wala hakuuachia mti. Mbuzi akaja akatafuna pindo la sketi yake. Hakuwa na mguu wa kumpigia.

Ng'ambo ya barabara alikaa Dolphine muuza mihogo ya kukaanga, Mkatoliki, rafiki wa kufa na kuzikana, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili yake.

"Nyar Kisii," akasema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo, "weka hiyo kitu chini upumzike. Hata nguzo ya stima inashikiliwa na waya."

"Dada Dolphine," akajibu Kemuma kutoka nyuma ya mti, "mti huu ukilala, na mimi nimelala barabarani, mimi na cherehani yangu. Kamati itapita, itaona mahali patupu, na kesho kutwa magari ya Mzee Mogaka yatamwaga oili hapa nilipotaka kuweka kitanda."

"Haya. Na jua likizama?"

"Nitaulaza. Siwezi kuivunja Sabato."

"Basi nitakushikia mimi. Jumamosi yangu ni ya kufua nguo."

"Haiwezekani. Imeandikwa hata mgeni aliye ndani ya malango yangu asifanye kazi."

"Malango gani, Kemuma? Una kamba na vijiti."

"Hizo ndizo kuta zangu."

Dolphine akageuza mihogo yake. "Mungu wenu anawapenda," akasema, "lakini hawapunguzii mzigo."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole juu ya mabati ya kinu cha unga wakati Land Rover ya kamati ilipofika, imejaa vumbi na vipande vya miwa. Akashuka Diwani Matiko, mwenyekiti wa kamati, Mkuria mrefu mwenye fimbo, na nyuma yake wajumbe wenye njaa. Akautazama mti kutoka ncha hadi shina, akamtazama mwanamke.

"Kimo ni hiki?"

"Ni hiki, Mheshimiwa. Ninaomba mwangalie upesi, maana jua si langu."

"Nani anapinga?"

Mzee Mogaka hakuhitaji kuitwa mara ya pili. Alitoka gestini mwake amevaa koti la harusi, akaruka kamba, akapita katikati ya kiwanja kwa hatua za jemadari, akasimama penye shina la mti, karibu kabisa na Kemuma, akakohoa.

"Waheshimiwa, huyu mnayemwona si mgeni kwangu. Mumewe ni wa ukoo wangu, mtoto wa ndugu yangu. Kwa mila yetu ya Abagusii huyu ni mke wa mwanangu, na mimi ni baba mkwe wake. Je, mmeona wapi mke wa mwana akiinua paa juu ya kichwa cha baba mkwe? Nyumba hii itanikalia. Kivuli chake kitalala juu ya gesti yangu tangu asubuhi. Kwa heshima ya mila, ninapinga."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Hoja ilikuwa nzito. Mikono ya Kemuma ilikuwa imechoka, na ncha ya mti ikaandika duara mbinguni. Lakini ulimi wake haukuwa umeshika mti.

"Baba," akasema, akiinamisha macho kama inavyompasa mke wa mwana, "mjini hapa tulikuwa majirani, tukisalimiana kama majirani. Ni wewe umeileta mila sokoni, nami nimeipokea. Lakini mila hainunuliwi robo kilo kama nyama. Kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Na wewe umeingia bila hodi, umepita dukani, sasa uko chumbani. Guu lako la kulia, Baba, liko juu ya kitanda changu."

Wajumbe wote wakaliangalia lile guu. Mbuzi naye akaacha kutafuna.

"Hizi ni kamba tu," akasema Mogaka, lakini tayari alikuwa ameinua guu la kulia.

Diwani Matiko, ambaye kwao Kegonga jambo kama hilo lingemgharimu mtu kondoo, alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. "Mzee," akasema, "umetuambia nyumba hii ina kivuli. Kama ina kivuli, basi ina kuta. Na kama ina kuta, mimi nakuomba utoke humo, maana hata kutazama naona haya."

Mogaka akageuka kuruka kamba.

"Hapo ni dirisha, Mzee," akaita Dolphine kutoka ng'ambo. "Pitia mlangoni."

Naye akapitia mlangoni, ubavu ubavu, koti amelibana kifuani, hadi akafika barabarani. Kutoka huko akanena maneno mengi. Lakini hayakunenwa penye shina la mti, na kinu cha unga kilikuwa kinasaga.

"Nani mwingine anapinga?" akauliza Diwani. Akasikiliza kinu kidogo. "Limepita."

Kemuma akaulaza mti, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, na ncha ilipogusa ardhi ukingo wa mwisho wa jua ukazama nyuma ya mabati. Dolphine alivuka barabara akamvisha viatu, kwani mikono ya Kemuma ilikuwa imekataa kukunjuka. Kesho yake aliimba kanisani akiwa ameikunja mbele yake, kana kwamba bado ameshika kitu.

Basi, enyi watu wa Migori, mtakapopanda ngazi za nyumba ile kwenda kupimiwa suruali, msipande kama mnapanda ngazi tu. Jueni kwamba kila kidato kilipiganiwa, na kwamba siku moja nyumba nzima, duka, karakana na wapangaji, ilisimama juu ya nyayo mbili za mwanamke asiye na viatu, nayo haikuanguka.