Madebe Sitini ya Aina Bora

Bwana Ridhwani alishuka Amu, ndio Lamu, mwaka ule watu walipokuwa wakiitazama nyota ya mkia. Alikuwa na kanzu moja safi, kilemba ambacho mwenye mali hakujua kuwa amekiazimisha, na mkoba wa ngozi aliokuwa hampi mtu kuubeba. Malindi aliondoka bila kuaga. Mombasa waliagana naye, lakini kwa mawe.

Si kwamba alikuwa mwizi, tafadhali. Mwizi huchukua kitu chako nawe hutaki. Ridhwani alihakikisha unampa mwenyewe, tena unamshukuru.

Siku ya tatu alikuwa amekaa barazani mbele ya maduka, anakunywa kahawa ya mtu mwingine, punda wanne wakapita wamebeba madebe ya mafuta ya taa yaliyoshushwa melini. Mzee mmoja pale barazani akasonya.

"Hayo ndiyo yatakayommaliza Bi Kulthum."

"Ni nani huyo?" akauliza Ridhwani, kwa sauti ya mtu asiyejali kujibiwa.

Akajibiwa kirefu. Bi Kulthum binti Hashim, mjane, ndiye mwenye kile kinu cha ufuta kinachozungushwa na ngamia. Taa za nusu ya misikiti ya Amu ziliwaka kwa mafuta yake tangu zama za babake. Sasa misikiti imeonja mafuta ya taa ya meli, na imenogewa. Ghalani mwa Bi Kulthum mmejaa madebe sitini ya mafuta ya ufuta, kazi ya mwaka mzima, hayana mnunuzi. Na ukitaka kucheka, madebe yenyewe ni yale yale ya mafuta ya taa, aliyanunua matupu.

Ridhwani hakucheka. Katika hadithi yote ile alisikia neno moja tu, nalo ni sitini. Kule Faza alimjua mtu, Bwana Aqil, ambaye angenunua mafuta ya ufuta yote hayo bila kuuliza yametoka wapi.

Sasa tuufungue mkoba. Ndani mlikuwa na taa ya shaba yenye matumbo mawili, ambayo Ridhwani aliishinda kwa karata kutoka kwa fundi mmoja wa reli. Tumbo la juu hutiwa maji. Tumbo la chini hutiwa vijiwe vya kijivu vinavyokuja kwa kopo kutoka Ulaya. Maji yakividondokea vijiwe hutoka hewa, na hewa ile ndiyo iwakayo, mwanga mweupe wa kuumiza macho. Leo kila mtu ameziona, tunaziita karabai. Wakati ule hapakuwa na hata moja Amu nzima, na Ridhwani alikuwa hodari sana wa kuwaonyesha watu tumbo la juu.

Asubuhi yake akabisha hodi kwa Bi Kulthum.

Bibi wa heshima wa Amu hakai uso kwa uso na mwanamume wa nje. Bi Kulthum alifanya biashara zake zote nyuma ya pazia la ukumbi, na mgeni akakaa upande wa pili akizungumza na kitambaa. Kwa mtu wa kazi ya Ridhwani huo ni msiba, maana hana uso wa kuusoma. Pazia lenyewe lilikuwa na kitundu, ila hicho kilimfaa mwenye nyumba tu.

"Bi, naomba maji," akasema Ridhwani. "Ya kisima chako mwenyewe, usije ukasema nimekuja na dawa zangu."

Umi, mtumishi, akaleta maji kwenye kata. Ridhwani akanywa nusu, akashukuru, nusu akaitia katika taa. Akangoja kidogo, akawasha kiberiti.

Ukumbi mzima ukawa mweupe. Umi akapiga ukelele, akamtaja Mtume, akakimbilia nyuma ya pazia.

"Maji haya ndiyo mafuta ya kesho," akasema Ridhwani kwa huzuni ya mtu aliyeleta habari za kifo. "Mwakani hanunui mtu mafuta, si yako si ya meli. Mwenye kisima ana taa."

Bi Kulthum akaamini. Tusimcheke. Kinu kile kilimlisha yeye, kilimlisha Umi, kilimlisha mzee anayeswaga ngamia, na ngamia mwenyewe. Mafuta ya meli yalikuwa yamekwisha kumkata mguu mmoja. Kama na maji nayo yanawaka, basi yeye na nyumba yake wamekwisha, na aliogopa kwelikweli.

"Wataka nini?" akauliza.

"Mimi? Sitaki kitu. Nakuonea huruma. Chukua taa hii, uwe wewe wa kwanza Amu mwenye taa ya mai, kama mnavyosema nyinyi. Nami nitakuondolea yale madebe yako sitini yasikuozee."

"Mafuta yangu hayana thamani tena."

"Hata chembe."

"Nawe wayataka yote sitini."

Ridhwani akakohoa. "Nina huruma nyingi, Bi."

"Nipe siku mbili," Bi Kulthum akasema.

Wageni wengi huja Amu, wakatembea vichochoroni, wakadhani wameuona mji. Kuna mji mwingine juu ya vichwa vyao. Nyumba kwa nyumba zimeunganishwa na wikio, chumba chembamba kinachovuka juu ya kichochoro, na wanawake hupita humo kutembeleana bila kukanyaga ndia, njia ya chini. Siku ile ile Bi Kulthum akavuka wikio lake hadi kwa jirani yake, Bi Alawiya, ambaye ndiye aliyempangisha Ridhwani chumba cha chini.

"Alawiya, mgeni wako hupika nini? Taa yake yanukia kitunguu saumu."

"Usiniulize! Hapiki kitu, ala vya watu. Lakini chumba chote hicho chanuka saumu. Na kila asubuhi amwaga chokaa kwenye mfereji wangu. Nikamtumia salamu: Bwana, wajenga nyumba humo ndani?"

"Chokaa?"

"Chokaa nyeupe, mbichi."

Bi Kulthum akasimama. Mai ya kisima chake aliyajua tangu utotoni. Hayakuwa na saumu, na hayajapata kuacha chokaa.

Wakarudi wikioni, wakakaa kwenye kidirisha kinachotazama ua mdogo wa chini. Hawakungoja sana. Ridhwani akatoka na taa na kopo, kwa sababu chumbani hata yeye ile harufu ilimshinda. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Juu hakutazama, kwani juu kuna nini? Akakung'uta chokaa mferejini, akafungua kopo, akajaza vijiwe katika tumbo la chini, akafunika, akarudi ndani akipiga mluzi.

Bi Kulthum akajiziba mdomo kwa leso. Alicheka mpaka mabega yakamtetema, na machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. Tangu asubuhi alikuwa amejihesabu maskini.

"Nimpigie kelele za mwizi?" akauliza Bi Alawiya, ambaye tayari alikuwa amevuta pumzi.

"Wee! Nyamaza. Taa yawaka kweli, Alawiya, mato yangu yameona. Mafuta yangu ya kuwashia yamekwisha kuuawa na meli, hilo hata mjinga huyu hakulizua. Ile taa naitaka. Na lile kopo nalitaka."

Siku ya pili mapatano yakaandikwa ukumbini kwa Bi Kulthum. Kadhi alikuja mwenyewe na kalamu yake. Mahmud, nduguye Bi Kulthum, akakaa shahidi. Ridhwani akaja na taa inang'aa, kopo amelificha chini ya kitanda kule kwa Bi Alawiya, mahali ambapo hapana mtu angepafikia isipokuwa Bi Alawiya.

"Andika, Shekhe," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Taa iwe yangu. Nami nimpe madebe sitini ya kuwashia taa. Ya kupikia nabaki nayo."

"Madebe sitini ya kuwashia taa," akarudia Kadhi, akiandika polepole.

"Ya aina bora!" akadakia Ridhwani. Alishawahi kuuziwa makapi ya kinu, akajifunza. "Iandikwe hivyo, Shekhe. Ya aina bora kuliko zote alizo nazo Bi Kulthum. Mimi si mtu wa kupewa masimbi ya chini ya debe."

"Haki yake," ikasema sauti. "Mwandikie. Lakini nami nisije nikatapeliwa. Aape kuwa mai ya kisima changu huwaka kuliko mafuta yangu."

"Wallahi, mara kumi zaidi!" akasema Ridhwani.

Kadhi akainua macho. "Niandike mara kumi?"

"Andika, Shekhe, andika."

Ikaandikwa. Ridhwani akatia sahihi yenye mikia mingi.

Kesho yake madebe yakatolewa ghalani. Ridhwani hakuwa mtu wa kununua mbuzi guniani. Alikata kijiti kirefu, akakichovya katika kila debe hadi chini, na kila mara kikatoka kinang'aa mafuta toka ncha hadi mkononi. Akanusa, akatabasamu, akaruhusu.

Hamali alikuwa mtu mmoja wa mraba aitwaye Madi, aliyebeba mafuta ya nyumba ile tangu ujana wake. Debe la kwanza alipolitia begani akagugumia.

"Bwana, mafuta haya leo mazito."

"Mafuta mazuri huwa mazito."

"Miaka ishirini nabeba mafuta ya Bi Kulthum. Hayajapata kuwa hivi."

"Ndiyo maana wewe hamali na mimi tajiri," akasema Ridhwani. "Beba. Ujira wako nikirudi."

Madi akabeba. Alibeba sitini, akasimama gatini anajikanda shingo, akamwangalia Ridhwani akipanda mashua na mzigo wake bila kumpa hata kikombe cha kahawa.

Faza, Bwana Aqil alipokea habari kwa furaha, akawaita jamaa zake waje waone mzigo. Likaletwa karai, debe la kwanza likainamishwa. Yakatoka mafuta kadiri ya kikombe, mazuri, ya dhahabu. Halafu yakatoka maji. Maji yakaendelea kutoka.

La pili vivyo hivyo. La tatu. La kumi.

Ridhwani akakikumbuka kijiti chake. Mafuta huelea, na kijiti kinachopita katika mafuta, kikiingia na kikitoka, kitatoka na mafuta tu hata chini kungekuwa na bahari nzima. Mchezo huo aliujua. Aliwahi kuufanya yeye mwenyewe Malindi, ila kwa asali.

Bwana Aqil hakukasirika. Habari za taa ya maji zilikuwa zimekwisha kuvuka kutoka Amu.

"Kumbe ndiye wewe!" akasema. "Yule wa mai yanayowaka! Watu wa Faza, ametuletea madebe sitini. Haya Bwana, tuwashie!"

"Washa! Washa!" wakasema jamaa.

Taa alikwisha kuiuza, ila vijiwe alikuwa navyo. Akasema atawaonyesha hapa hapa katika bakuli. Akatoa kopo, akaingiza mkono ndani, akatia vijiwe katika maji, akawasha kiberiti. Kiberiti kikazimika. Akatazama vizuri. Ilikuwa kokoto za matumbawe, zimeoshwa safi, na katikati yake mtu alikuwa ametia punje moja ya kitunguu saumu.

Kicheko cha Faza kilimsindikiza mpaka mashuani.

Alirudi Amu na hasira zake, na ushahidi wake wote sitini, akenda moja kwa moja kwa Kadhi. Wakakutana tena ukumbini kwa Bi Kulthum, mbele ya pazia lile lile.

"Nimedhulumiwa, Shekhe! Madebe yana maji! Juu mafuta kidole kimoja, chini maji matupu!"

"Kidole kile nilimzidishia," ikasema sauti. "Zawadi ya ndia."

Kadhi akatoa karatasi, akavaa miwani, akasoma hana haraka. "Madebe sitini ya kuwashia taa. Ya aina bora kuliko zote alizo nazo. Aina bora, hilo neno ni lako, nalikumbuka. Na hapa umeapa kuwa maji ya kisima cha Bi Kulthum huwaka kuliko mafuta yake, mara kumi." Akavua miwani. "Bwana Ridhwani, mambo ni mawili. Ama umelipwa kitu bora, na hapana kesi. Ama uliapa uongo mbele yangu, na hapo iko kesi, lakini si ya Bi Kulthum. Nikuandikie lipi?"

Ridhwani akaitazama sahihi yake yenye mikia.

"Nimelipwa, Shekhe," akasema mwishowe.

"Umelipwa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Tia sahihi."

Akatia, safari hii bila mikia. Alikuwa amefika mlangoni sauti ilipomwita.

"Bwana Ridhwani. Nimemwandikia tajiri mmoja Mombasa aniletee makopo mia ya vijiwe na taa kumi na mbili. Misikiti yaziulizia. Mafuta yangu yamo mitungini, sasa nayauza ya kupikia, na madebe yangu nayahitaji." Kukatikisika kidogo nyuma ya pazia, kana kwamba kuna watu wawili wanajizuia kucheka. "Mai yamwage, ni yako. Madebe nirudishie. Yale yana thamani."

Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Karatasi iliyataja madebe kuwa kipimo tu, haikusema kuwa nayo yametolewa.

Ridhwani akatoka kichochoroni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha sijui kwa nini, akatazama juu. Akaliona wikio, na kidirisha chake kidogo, na chini yake ua wa Bi Alawiya. Akasimama pale kwa muda akilitazama.

Gatini hakumpata hamali wa kumsaidia, maana habari za ujira wa Madi walizijua wote. Akavua kilemba, akakunja kanzu, akaanza kumwaga maji baharini debe moja moja, na kuyapandisha madebe mjini kwa mabega yake mwenyewe. Madi alikuwa amekaa kivulini, anakunywa kahawa aliyonunuliwa na Bi Kulthum. Akamwacha apite mara ya kwanza, akamwacha apite mara ya pili.

Mara ya tatu akamwambia, "Naona leo mepesi, Bwana."