Kamati ya Kuchunguza Mgomo wa DVD

Wananchi wote wa kebele yetu, yaani serikali yetu ya mtaa, wanatangaziwa kwamba Kamati Maalumu ya Kuchunguza Mgomo wa DVD imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa. Mimi, Gizachew, katibu wake, naeleza yaliyotokea ili porojo za kwenye vibanda vya kahawa zikome.

Weizero Tiruye, mjane anayepika mikate ya injera ya kuuza, alilalamika kwamba mawe ya mpaka wa kiwanja chake yalisogezwa hatua saba siku ya harusi ya binti yake, yeye akiwa jikoni. Aliyefaidika na hatua hizo ni jirani yake, Ato Wondwosen, ambaye kwa bahati tu ndiye meneja wa kebele. Ushahidi wa mama huyo ulikuwa DVD ya harusi. Meneja, mtu wa haki, akampa siku tatu ionekane kwenye kompyuta ya ofisi, la sivyo mpaka mpya uandikwe daftarini milele.

Siku ya kwanza tuliiingiza. Kompyuta ikakoroma kama mzee aliyeshiba, kisha ikaitema.

"Kompyuta ni mali ya serikali," meneja akatamka. "Haiwezi kuwa na kosa."

Siku ya pili tulifanya majaribio ya kitaalamu. Tulizima, tukawasha. Tuliingiza DVD kwa upole, kisha kwa ukali. Mjumbe mmoja aliifuta kwa tai yake yenye mchuzi, ikabidi mwingine amfute mwenzake, tai na DVD.

"Jaribuni basi DVD nyingine," Tiruye akasema. "Nayo ikigoma, si mtajua mgonjwa ni kompyuta?"

"Mama, usitoke nje ya ajenda!" meneja akamkatiza.

Akarudi kwenye benchi. "Mawe yale marehemu mume wangu aliyabeba mgongoni," akasema, machozi yakimlenga. Nikaandika: *mlalamikaji ametulia.*

Siku ya tatu meneja alitaka kesi izikwe isifufuke, mama asije akadai DVD yake ilibadilishwa. Alimwalika mkaguzi wa wilaya, Weizero Zenebech, awe shahidi, akaniamuru niandike: "Kamati inathibitisha kwamba DVD hii ndiyo ya harusi yenyewe, haijachezewa wala kubadilishwa. Kutoonekana kwake ni kosa lake binafsi." Akasaini. Akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa raha tu.

Mkaguzi alisoma, akainama kuitazama kompyuta.

"Jicho la kusomea lilisafishwa lini?"

Hatukujua kama ina jicho.

"Vumbi tupu. Hata ya ofisini kwangu ilikufa hivi hivi." Akatoa mkobani kisomeo kidogo cha DVD chenye waya, akakichomeka, akaweka DVD.

Bibi harusi akatokea, anacheka. Tiruye akashika mdomo. Wakaja vijana wanaocheza kwa mabega, na nyuma yao, penye uzio, mtu mzima kavaa shuka jeupe la sherehe, amekumbatia jiwe kama mtoto mchanga. Ngoma ikapungua, sauti yake ikasikika wazi: "...tano, sita, saba." Akalitua. Akajifuta mikono, akarudi kupakuliwa nyama.

"Imetungwa hiyo!" Ato Wondwosen akafoka. "Siku hizi picha zinapikwa!"

Mkaguzi akamgeuzia karatasi. "Haijachezewa wala kubadilishwa. Saini ya nani hii?"

"Ya... ya ofisi."

"Na ofisi ndiyo itakayobeba mawe. Leo."

Hivyo kamati inampongeza Ato Wondwosen kwa moyo wake wa kujitolea. Jua la saa nane lilimkuta ndani ya suti, jasho likimchuruzika, mtaa mzima umeegemea uzio. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, maana ni kazi ya meneja. Weizero Tiruye aliletewa kigoda, akaketi na kikombe chake cha kahawa.

"Polepole, baba, utaumia mgongo," akamwambia. "Yamebaki kumi na moja tu."