Shikamoo Kabla ya Jina

Jumatatu, 8 Oktoba 2007
Mama Yuster, katibu wa chama cha wakulima wa korosho kule Newala, amekuja Masasi kuijaribu tovuti ninayowatengenezea. Ukurasa ukamwambia shikamoo. Akauitikia marahaba, kwa sauti! Akaandika jina na nywila, akaingia. Akabofya Matangazo. Shikamoo, wewe nani? Akabofya Mikutano. Shikamoo, wewe nani? Akauliza kama mashine imelewa. Isipopona kufikia Jumamosi, kazi anapewa Walter wa duka la kompyuta la jirani. Walter! Kasimama mlangoni anacheka.

Jumanne, 9 Oktoba
Kitabu cha kutengeneza tovuti kinasema kile kitu nilichokiita Mtumiaji, kinachoshika jina la aliyeingia, huzaliwa ukurasa ukifunguka, hufa ukurasa ukiisha. Nikafunga kitabu kwanza. Marehemu mke wangu Dorika hakusahau mtu. Alijua nani hanywi chai ya sukari.
Dawa, kinasema, ni sesheni: seva, mashine inayotunza tovuti, imkumbuke aliyeingia ukurasa hadi ukurasa. Nimeiweka, inagoma! Inatoa na maonyo ya Kiingereza juu ya ukurasa. Nimeyazima, yanachafua.
Mbinu mpya: jina na nywila visafiri kwenye anwani ya kila ukurasa. Imekubali! Fundi mimi!

Jumatano, 10 Oktoba
Newala. Wajumbe wamejaa ofisini, Baba Yuster naye yumo. Mkewe akaingia, na nywila yake ikajianika juu ya kioo, wote wakaisoma: mumewangumvivu.
Nimewahi basi la kwanza.

Alhamisi, 11 Oktoba
Nimejishusha, nimekwenda kwa Walter. Kasoma kazi yangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti sesheni hufunguliwa kabla ukurasa haujatamka neno lolote, na wewe, Baba Ethel, umetanguliza shikamoo! Nikamwambia mtu mzima haulizwi jina kabla ya salamu. Dorika alimwamkia hata mzee aliyemkuta na kuku wetu kwapani, ndipo akapiga kelele. Walter akapandisha mstari mmoja, ule wa sesheni, juu ya shikamoo. Basi. Ikakumbuka.

Jumamosi, 13 Oktoba
Mama Yuster kakumbukwa kurasa zote. Kazi ni yangu! Baba Yuster hakuwepo. Yuko shambani tangu Jumatano, anapalilia, hataki kurudi.

Jumapili, 14 Oktoba
Nimetoka kaburini kwa Dorika. Nimemsalimu, kisha nikamsimulia yote. Nyumbani nikaifungua tovuti. Sesheni mbele, shikamoo nyuma. Moyo umekataa. Nimeirudisha shikamoo juu.
Kesho wanachama wote wanaingia. Ikiwasahau, itawasahau kwa adabu.