Tume ya Kupatanisha Kompyuta na Printa

Kuanzia leo, karatasi imekombolewa. Ndivyo Citoyen Losele, Mkurugenzi wa Ofisi ya Matangazo ya Mkoa, alivyowatangazia wafanyakazi wake kumi na wanane mjini Kisangani, asubuhi moja ya mwaka 1988, bendera ikiwa imekwisha kupanda na koo za watu zimekauka kwa nyimbo za Chama. Jumamosi ijayo, alisema, gazeti la Mkoa litatoka ndani ya kompyuta, kwa programu ya kupanga kurasa iliyofika kutoka Ulaya katika diskette tatu. Wafanyakazi wakapiga makofi. Pale walizoea kupiga makofi kabla ya kuelewa, maana kuelewa kunachelewesha kazi.

Papa Lambert naye alipiga, mikono ikiwa myeusi kwa wino. Miaka ishirini na miwili alikuwa anazungusha ronéo, ile mashine ya mkono inayozaa karatasi moja baada ya nyingine. Alikwisha kuambiwa vizuri, kwa barua: siku gazeti litakapotoka kwenye kompyuta, kazi yake imefutwa, na nyumba ya Serikali anamolala atairudisha ndani ya siku saba. Katika nyumba hiyo ndimo alimofia mkewe, mama Berthe. Barua haikumtaja mama Berthe. Barua za wakubwa hazina nafasi ya mambo madogo.

Kulikuwa na tatizo moja la kiufundi. Printa haikuwepo.

Yaani ilikuwepo, lakini si kwenye makaratasi ya Serikali. Mwaka uliopita Citoyen Losele alisafiri mwenyewe kwenda kuinunua kwa jina la Mkoa, akarudi na tamko lenye mihuri mitatu kwamba ilipotea kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, katikati ya ndege na kamyo la mizigo. Kitu kilichopotea kwa mihuri mitatu kimepotea kabisa. Kwamba ilikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Kabondo, juu ya kitambaa cha kufuma, na mkewe mama Colette anachapia mialiko ya ndoa za mtaa mzima, hilo kila mtu alilijua. Kujua hakukukatazwa. Kusema ndiko kulikokatazwa.

Ikaundwa Tume ya Kupatanisha Kompyuta na Printa, wajumbe saba. Ilikaa siku nzima, ikatoa azimio zito: kwa kuwa printa imepotea, haiwezi kupita kwenye geti la ofisi bila kuleta fujo katika utawala, kwa hiyo kompyuta ndiyo itakayoifuata nyumbani. Zikaandikwa ordre de mission nane, zile hati za safari ya kikazi, saba za wajumbe na moja ya kompyuta, kwa safari ya dakika kumi na tano kwa miguu. Papa Lambert akapewa heshima ya kuisukuma juu ya baiskeli. Mtu anasukuma jeneza lake mwenyewe, na nyuma kuna wajumbe saba wanampigia kelele asilitikise.

Mama Colette aliwavulisha viatu wote. Hubert, fundi wa redio za uwanja wa Bangboka, aliyeitwa kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kusoma kitabu cha mashine hizo, akaunganisha waya, akawasha.

"Programu iko inauliza imprimante gani," akasema. "Liste ni hii. Tunachagua tu jina yake."

Mkurugenzi alishusha kidole juu ya kioo. Printa ya sebuleni ilikuwa karibu na mwisho, kajina kafupi. Juu kabisa kulikuwa na moja ya leza, jina refu kama treni.

"Weka hii ya juu."

"Citoyen Directeur, hii yetu haiko ile."

"Gazeti ya Région haiwezi kutoka mu mashine ya grade ya chini. Weka ya juu."

Hubert akaweka ya juu. Printa ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikatapika mabano, nyota na herufi zisizo na wazazi, kurasa arobaini. Tume ikazikagua moja moja. Mjumbe mmoja akapendekeza huenda ni Kijerumani. Jioni printa ikaandikiwa barua ya onyo, ikasomewa kwa sauti, na kwa kuwa haikutoa maelezo ikahesabiwa imekubali kosa.

Siku tatu hivyo. Ijumaa, Mkurugenzi alipotoka kidogo kwenda msalani, Hubert akachagua kale kajina kafupi. Ukurasa ukatoka taratibu: safu mbili, kichwa cha habari kimenyooka. Mkurugenzi aliporudi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Munaona? Onyo inasaidia."

Papa Lambert aliutazama ukurasa ule. Ulikuwa mzuri kweli. Akaanza kuhesabu moyoni vitu vya nyumbani: kitanda, sufuria tatu, mashine ya kushonea ya mama Berthe.

Lakini ushindi usioandikwa si ushindi. Citoyen Losele akaketi palepale kuipa Tume imla ya taarifa yake rasmi, na kanuni ya Serikali inajulikana: taarifa bila numero si taarifa. Hubert akalala chini akasoma numero iliyo nyuma ya printa. Ikaandikwa. Mahali? "Sebule ya Citoyen Directeur, Kabondo, ambapo mashine inatunzwa tangu ifike." Ikaandikwa. Nakala kumi na mbili, haraka. Programu ilihitaji dakika ishirini kwa ukurasa mmoja, na utepe wa wino ulikwisha kupauka. Basi ronéo, kwa mara ya mwisho.

Papa Lambert alisoma orodha ya wapokeaji chini ya karatasi, akarudi kuuliza.

"Citoyen Directeur, nipeleke kwa bote? Hata kwa Inspection ya mali ya Serikali?"

"Papa Lambert, wivu itakuua. Kwa bote. Bakubwa bajue."

"Na numero ibakie?"

"Numero ndiyo ya kwanza."

Papa Lambert alikuwa mtu wa kutii. Akazungusha, akapanda baiskeli, na kila ofisi ikamtilia sahihi ya kupokea.

Jumatatu, gazeti la Jumamosi likiwa bado halijakwisha kuchapwa, alikuja mkaguzi na karatasi mbili: ile ya mihuri mitatu na ile ya ushindi. Numero ya printa ilikuwa moja katika zote mbili. Citoyen Losele alieleza kwamba printa ilipotea, kisha ikarudi yenyewe. Mkaguzi akaandika neno kwa neno, bila kucheka. Kompyuta na printa vikafungwa kwa lakiri kama vielelezo. Alhamisi ukafika uamuzi wa Mkoa. Kifungu cha kwanza: Mkurugenzi amesimamishwa. Cha pili: kazi ya ronéo inaendelea mpaka amri nyingine. Na katika Zaire, mpaka amri nyingine ni umri wa mtu mzima. Nakala mia mbili, zibandikwe kila ofisi kabla ya saa sita.

Citoyen Losele alikuja mwenyewe mlangoni mwa chumba cha ronéo, katika abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, ya rangi ya maziwa.

"Papa Lambert," akasema polepole, "utie wino kidogo tu. Isisomeke sana."

Papa Lambert akachukua tyubu mpya, akaikamua yote. Kisha, kwa heshima, akamwomba asogee pembeni: wino huu ukirukia nguo nyeupe, hautoki tena.