Chuo cha Udereva Kisicho na Gari

Mjini walimwita Mshauri. Hakuwa amesomea ushauri. Ni kwamba tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi yoyote, isipokuwa kuwaeleza wenzake namna ya kufanya za kwao, kisha kuondoka na kitu mkononi. Alikuwa na koti moja la kijivu, viatu vya kung'aa, na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni akaomba na msamaha kwa kuchelewa kutoka.

Siku hiyo mvua ilimkimbiza hadi chini ya bati la chuo kimoja cha udereva. Akakaa kwenye benchi, akatoa gemu yake mfukoni. Ilikuwa ile ndogo ya kushika mkononi, ina kioo chenye ufa na vitufe kila upande, na alikuwa ameipata kwa fundi simu kwa malipo ya ahadi. Ahadi Mshauri alikuwa nazo tele. Ndani ya gemu mlikuwa na gari jekundu lenye mizinga miwili kwenye boneti. Lilikimbia jangwani, likaruka madaraja yaliyovunjika, likalipua malori yaliyolizuia njia. Kwa gari hilo Mshauri alikuwa bingwa. Hakuna lori lililomshinda.

Alipoinua macho akaona jambo. Kwenye benchi la pili walibanana wanafunzi sita wenye nyuso za watu waliokata tamaa. Uani palikuwa na gari moja kuukuu, rangi yake imebabuka kama ngozi iliyochomwa na jua kali. Na kando ya gari alisimama mkuu wa chuo, bwana mmoja mnene mwenye fimbo nyembamba. Aliitumbukiza fimbo kwenye tangi la mafuta, akaichomoa, akaitazama ilipolowa, akasikitika.

"Leo hatutoki," akatangaza. "Mafuta yamekaa vibaya."

"Jana ulisema matairi," akasema mwanamke mmoja benchini, mwenye duka la mapazia. Watu wote walimwita Mama Mapazia. Alikuwa amelipa karo yote tangu siku ya kwanza, akitaka leseni abebe mwenyewe mizigo yake. Mpaka siku hiyo alikuwa amezunguka uani tu, kama kuku aliyefungwa mguu.

"Na matairi pia," akajibu Mkuu.

Mshauri akahisi ule mwasho mtamu wa kiganjani. Mtu anayepima mafuta kwa fimbo ni mtu wa kuonewa huruma, na Mshauri alikuwa na moyo wa huruma sana. Akaongeza sauti ya gemu. Injini ikanguruma, breki zikalia. Mkuu akageuka.

"Hiyo ni nini?"

"Hii?" Mshauri akaificha kifuani. "Hii siiuzi, mzee wangu."

"Nani kakwambia nanunua? Nauliza tu."

"Ni mashine ya kufundishia udereva. Huko nilikokuwa, vyuo vikubwa havina magari siku hizi. Mwanafunzi anakaa kivulini, anajifunza, anahitimu. Haigusi petroli hata tone."

Neno *petroli* lilimwingia Mkuu kama kijiko cha asali. Akaja, akaketi, benchi likalia. Akatazama kioo, na mara akaruka.

"Mbona linapiga mizinga?"

"Hiyo si mizinga, Mkuu. Hiyo ni honi. Kwa wenzetu honi inaonekana kwa macho."

"Na lile lori limelipuka!"

"Limefeli mtihani."

Mkuu akafikiri. Usoni mwake zilipita hesabu za matairi, za fundi, za mwalimu aliyekuwa anadai mshahara kila mwezi kana kwamba ni desturi. Gari jekundu likaruka daraja na kutua salama.

"Na hilo ni somo gani?"

"Barabara mbovu."

Hapo Mkuu akapumua kwa nguvu. Barabara mbovu ndilo somo lililokuwa limemlia springi. Akamvuta Mshauri kando na kumnong'oneza kwa sauti iliyosikika uani kote. Pesa hana. Lakini je, ndugu yangu atakubali kubadilishana na gari? Ni gari zuri, la kuaminika, lina historia.

Mkuu alijua kwamba klachi imekwisha na kwamba gari haliwaki bila kusukumwa. Alikuwa anajitahidi asicheke. Mshauri naye alitazama chini, akauma mdomo, akajipapasa kidevu kama mtu anayeombwa amtoe binti yake, naye pia alikuwa anajitahidi asicheke. Mwishowe akakubali kwa uchungu mkubwa. Gemu ikakabidhiwa, funguo zikatolewa, na kadi ya gari ikasainiwa upande wa muuzaji. Mshauri akaitia mfukoni mwa koti. Jina la mmiliki mpya angelijaza akishapata mnunuzi.

"Na sisi?" akauliza Mama Mapazia. "Tuliolipa kuendesha gari?"

"Mtajifunza kwa mashine," akasema Mkuu. "Mnapanga foleni, mmoja mmoja."

Wanafunzi wakatazamana.

Mshauri akaingia garini, akafunga mlango kwa madaha, akashika usukani. Hapo ndipo mambo yalipomwendea kombo, kwa sababu katika maisha yake yote Mshauri hakuwa ameendesha gari. Kwenye gemu kulikuwa na kitufe cha kwenda na kitufe cha kulipua. Hapa kulikuwa na pedali tatu, yeye ana miguu miwili, na fimbo moja ya gia inayoyumba kila akiigusa. Akaketi. Akarekebisha kioo. Akakirekebisha tena.

Mama Mapazia akasogea dirishani.

"Kaka, kuna shida?"

"Hapana, dada. Nasubiri injini ipoe."

"Haijawashwa."

"Ndiyo maana inapoa vizuri."

Mama Mapazia akamtazama, kisha akatazama pedali, kisha miguu ya Mshauri iliyokuwa imejikunja chini ya kiti kama inayoogopa kung'atwa. Akaelewa.

"Basi mtu mkubwa kama wewe hapaswi kujiendesha," akasema kwa upole. "Kaa nyuma. Sisi tutakupeleka. Wewe utatuangalia tu, utushauri."

Hakuna neno lililowahi kumkuna Mshauri kama hilo. Akahamia nyuma. Mama Mapazia akashika usukani, mwanafunzi mwenzake, kinyozi, akakaa pembeni, wengine wanne wakasukuma. Gari likakohoa, likawaka, nao wakarukia ndani, wakabanana na Mshauri mpaka akawa kama barua kwenye bahasha. Mkuu hakuinua hata kichwa. Alikuwa anatafuta honi kwenye mashine.

Walikwenda vizuri mpaka sokoni. Penye kilima, mbele ya ghala la saruji, gari likazimika.

"Tushuke tusukume," akasema kinyozi.

"Mshauri abaki," akasema Mama Mapazia. "Hawezi kusukuma, yule ni mtu wa ofisini. Mikono laini."

Watu waliokuwa ghalani wakacheka. Mshauri alikuwa na kasoro moja: hakuvumilia kuchekwa. Akavua koti ili lisichafuke, akalikunja vizuri, akalilaza kwenye kiti, akashuka.

"Mikono laini? Kaeni ndani wote. Nasukuma peke yangu!"

Na kweli alisukuma. Alisukuma akitweta, viatu vya kung'aa vikiteleza kwenye matope, shati likimganda mgongoni, na watu wa ghalani wakimshangilia. Gari likafika kileleni, likaanza kuteremka upande wa pili, likashtuka, likawaka. Mshauri akanyoosha mgongo na kupunga mkono kwa mashabiki wake.

Gari halikusimama.

"Breki!" akapiga kelele. "Dada, kanyaga breki!"

Mama Mapazia akatoa kichwa dirishani. "Breki hatujafundishwa bado, kaka!"

Akatia gia ya pili, laini kabisa, kisha ya tatu, akawasha taa ya kuashiria kama sheria inavyotaka, akakata kona. Mshauri alikimbia mpaka mbavu zikamuuma. Kwenye kona alikuta moshi tu.

Alirudi chuoni kwa miguu, akiwa na shati tu na nia ya kuchukua mashine yake kwa maelezo kwamba imegunduliwa kasoro ya kiwandani. Akakuta uani pamejaa. Vijana wa mtaa mzima walikuwa wamesikia mizinga wakaja, na Mkuu alikuwa ameshawaandikisha wote kuwa wanafunzi. Yeye mwenyewe alikuwa anatoka jasho. Lori kubwa la mwisho lilikuwa limemlipua mara nyingi, na darasa lilianza kunung'unika.

"Mshauri!" Mkuu akalia kwa furaha. "Nionyeshe hapa, naaibika!"

Mshauri akashika gemu ili aondoke nayo. Lakini vidole vina akili zao. Akakwepa moto, akapanda ukuta, akaruka juu ya lori na kulilipua toka nyuma. Uwanja mzima ukapiga makofi. Hakuwahi kupigiwa makofi kwa jambo aliloliweza kweli, akaketi acheze tena. Alipotaka kuinuka, vijana walikuwa wamemzunguka pande zote na Mkuu amemshika kiwiko.

"Kesho saa mbili asubuhi," akasema Mkuu. "Nakuajiri. Ukichelewa nakukata mshahara."

Ndivyo Mshauri alivyopata kazi. Kila asubuhi alikuja, akafundisha, akapokea mshahara kiduchu, na alipowaza kutoroka na mashine alikumbuka kwamba Mkuu ameifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Mkuu hakuwa mjinga kiasi hicho.

Siku moja, Ijumaa mchana, gari lilisimama nje ya geti bila hata kutikisika. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu, na limebeba mapazia hadi juu. Mama Mapazia akashuka. Yeye na wenzake watano walikuwa wote wamefaulu mtihani, na kadi ya gari ilikuwa na majina yao sita. Mkononi alibeba koti la kijivu, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Chukua, mwalimu. Kadi tu ndiyo haimo."

Mshauri akalivaa, akafunga vifungo, akapapasa mfuko kuhakikisha.

"Siku ile uliteseka sana na pedali," akasema Mama Mapazia. "Kesho Jumamosi nina nafasi. Nitakufundisha. Karo unalipa mwanzo, maana nakujua."

Mshauri akageuka kuhakikisha Mkuu hasikii. Kisha akainama karibu na sikio la Mama Mapazia.

"Saa ngapi?"