Nilivyompiga Bata wa Korogwe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Nimeadhirika mbele ya kamera, mbele ya wageni kutoka ng'ambo, na mbele ya mama mkwe.

Mnakijua kile kipindi cha televisheni ambacho miji inashindana, watu wanavaa mavichwa makubwa na kudumbukia kwenye tope? Msimu huu kimefika kwetu. Sisi Handeni dhidi ya Korogwe, kwenye uwanja wao, na mshindi anapanda ndege kwenda kucheza na miji ya nchi nyingine. Ndege! Mimi ambaye kitu cha juu kabisa nilichowahi kupanda ni jukwaa la ujenzi.

Na hilo jukwaa ndilo lililoniponza. Mwalimu Mhina, kocha wetu, alinipa mchezo wa mwisho, wa ubao. "Rajabu, wewe ni fundi. Kutwa unatembea juu ya ubao na ndoo ya zege. Wewe huanguki." Nikaitikia kifua mbele (ujinga mtupu).

Kabla sijaendelea, jueni hili. Nina mchumba, Zaina, wa Masuguru, hapa hapa Korogwe. Barua ya posa tulishapeleka. Huu mwezi wa pili, jibu hakuna, usingizi sina. Kwao nimefika mara mbili, na mara zote mbili mama yake nimemwamkia nimeinamisha kichwa, kama tulivyolelewa. Mkwe hakodolewi macho, haguswi, na ukikutana naye njiani unashuka pembeni apite. Ukiniuliza sura yake nitakuelezea kandambili.

Basi. Saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, pointi sawa kwa sawa. Sisi wa Handeni tumevishwa majogoo, wao wa Korogwe mabata. Kichwa kikubwa kama pipa, unachungulia kwenye tundu la mdomo. Ubao umelazwa juu ya bwawa la tope. Kila mmoja anapanda kwa upande wake na gunia lililojazwa sponji, mnakutana katikati, mnapigana. Atakayebaki juu ndiye mshindi.

Likaja bata lao. Bonge la bata! Linatembea taratibu, kama linakwenda sokoni na halina haraka.

"Rajabu! Rajabu!" Handeni nzima imesimama.

Nikapiga la kwanza, likampata begani. Bata akayumba, akageuka kidogo. Nikapiga la pili, likatua makalioni (Mungu nisamehe). Uwanja ukalipuka, na sifa zikanipanda kichwani. Nikapaza sauti, "Rudi kwenu ukaatamie mayai, bata wewe!"

Bata akasimama. Akabana gunia lake kwapani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakivua.

"Hujambo, baba?"

Ile sauti! Ndiyo ile ya "karibu baba, pita ndani." Mama Zaina! Mama mkwe wangu, juu ya ubao, jasho linamtiririka, manyoya mpaka magotini!

Wallahi sijui nini kilinishika. Akili haikuulizwa. Mwili ulifanya wenyewe ulichofundishwa tangu utotoni. Magoti yakakunjika, kichwa kikainama, nikasema, "Shikamoo mama," kisha nikashuka pembeni apite.

Pembeni gani? Pembeni ni tope!

Chubwi! Nikazama na jogoo langu lote. Nilipoibuka, mama alikuwa anapita. Kweli tena, akapita polepole mpaka mwisho wa ubao, huku akiitikia, "Marahaba, baba." Korogwe wakaingia uwanjani wanacheza.

"Kavua kichwa!" Mwalimu Mhina alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa imemtoka. "Haki iko wapi?" Mwamuzi, mgeni wa mbali huko, akafungua kitabu chake cha kanuni. Hakuna palipoandikwa kwamba kuvua kichwa ni kosa. Akaja kwangu na kipaza sauti, mkalimani yuko ubavuni.

"Anauliza, hujasukumwa. Kwa nini umeruka?"

Nikatema tope. "Ni mkwe."

Mkalimani akaeleza. Akaeleza tena, sasa kwa mikono. Mwamuzi akanitazama kama anamtazama mgonjwa, kisha akaagiza picha irudiwe kwenye skrini kubwa. Polepole. Gunia linakwenda, linakwenda, linatua pale pale. Mara tatu! Na safari ya tatu kamera ikahamia kwa watazamaji, nikamwona baba yake Zaina kakaa mstari wa mbele, kashika kofia mkononi, mdomo wazi.

Hapo nikajua posa imekwisha. Nilitamani nirudi topeni.

Mama akanifuata pale nilipokaa. Nikainama.

"Pole baba. Nilikujua tangu ulipopanda. Zaina aliniambia utakuwa wewe."

"Mama, mimi sikukujua! Haki ya Mungu!"

"Najua. Ndiyo maana nikavua. Nikasema, kama huyu kijana kalelewa, atashuka." Akacheka mpaka manyoya yakatikisika. "Barua yenu mzee ataijibu wiki hii, nitamsimamia mwenyewe. Ila lile gunia la pili utakuja kulieleza kwa mdomo wako mbele ya wajomba."

Nikampigia Zaina. "Kwa nini hukuniambia mama yako anacheza?"

"Mama alinikataza," akasema, na kicheko kikamzidi, akakata simu.

Sasa niko stendi ya Korogwe, tope limenikaukia mpaka masikioni, watu wanasogeza mizigo yao mbali nami. Koasta ya timu imeondoka. Mwalimu Mhina kaniandikia ujumbe wa maneno matatu: "Kaa kwa wakweo." Ndugu zangu wa Chanika, kule kwetu Handeni, naomba mnijulishe kama kurudi huko kuna usalama.

Na nyie wengine, msicheke. Kabla hujampiga bata, uliza kwanza kama ana binti.